Kinga na Hatari: Historia ya Istilahi Mbili za UKIMWI

Madhumuni ya makala haya ni kufuatilia safari ya maneno mawili, kinga na hatari, tangu UKIMWI ulipojitokeza nchini Tanzania hadi zilipopatikana dawa za kumzuia mtu mzima asiambukizwe.

Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wananchi hawakuwangoja wataalamu; waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Baadaye likashika jina UKIMWI, lililoundwa kutokana na maneno Upungufu (wengine husema Ukosefu) wa Kinga Mwilini. Istilahi hiyo ilifaulu kwa kuwa ilitamkika kama neno la kawaida na kueleza dhana yenyewe. Kinga hapo ni ulinzi ambao mwili unao kwa maumbile. Lakini kampeni zilipoenea, kinga likawa pia jina la staha la kondomu.

Maana ya tatu ilifuata. Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wenzi ambao mmoja wao ana virusi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba vidonge vya tenofovia pamoja na emtrisitabini, vikimezwa kila siku, hupunguza maambukizo kwa asilimia 75. Marekani iliviidhinisha mwaka huo huo. Shirika la Afya Duniani likapendekeza mwaka 2015 wapewe wote walio katika hatari kubwa. Kenya ikaanza kuvitoa kitaifa mwaka 2017. Kwa Kiswahili vikaitwa dawa kinga. Jina ni fupi na linafaa, ila lahitaji maelezo: dawa hii hairudishi kinga ya mwili iliyopotea, wala haizuii kaswende na kisonono kama ifanyavyo kondomu. Tena itofautishwe na dawa inayoanzwa ndani ya saa 72 baada ya mtu kukabiliwa na virusi.

Istilahi yenye kasoro zaidi ni makundi hatarishi, inayotumiwa kwa wanawake wanaouza ngono, wanaume wanaojamiiana na wanaume, na wanaojidunga dawa za kulevya. Hatarishi latokana na kitenzi hatarisha, yaani kutia hatarini. Barabara hatarishi ni ile inayowahatarisha wapitao. Kwa mantiki hiyo hiyo, kundi hatarishi ni kundi linalowahatarisha wengine, ilhali aliyekusudiwa ndiye mwenye kuhitaji kulindwa. Ni nani atakayejiandikisha kliniki kwa jina linalomshtaki? Yafaa ikumbukwe kwamba utafiti mwingine, uliowahusu wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, ulisimamishwa mwaka 2011, na vipimo vya damu vikaonyesha kuwa waliokuwa wakimeza vidonge hivyo hawakufika asilimia 40. Sababu zilikuwa nyingi, lakini funzo ni moja: dawa isiyokubaliwa na mtumiaji haimkingi.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapavia, sindano inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Kabla haijaenea, tunapendekeza makundi hatarishi iachwe katika fomu na mabango ya afya, na mahali pake pawekwe watu walio hatarini. Sarufi yairuhusu, na haki yaidai.