Betri Iliyo Chini ya Kiti

Saa nane usiku, Januari, feni ya hita ilipunguza mlio, ikakoroma mara mbili, ikanyamaza. Nje kulikuwa na nyuzi tisa chini ya sifuri. Gesi ilikuwepo, kwani mtungi nilikuwa nimeubadilisha siku mbili kabla. Lakini hita za aina ile haziwaki kwa gesi peke yake. Zinahitaji umeme kidogo wa kuzungusha feni na kufungua valvu ya gesi, na umeme huo hutoka kwenye betri. Nilikuwa nimeishi na betri hiyo kwa miezi mitatu na sijawahi kuiona.

Nieleze kwanza nilifikaje humo. Nilikuja kusini mwa Ujerumani kusoma shahada ya uzamili katika historia ya teknolojia, nikakuta vyumba vya wanafunzi vimejaa na orodha ya kusubiri haisogei. Mzee mmoja mjane alikuwa na gari-nyumba, yale magari yenye kitanda, jiko na choo mgongoni, ambalo halikuwa limesafiri tangu mkewe afariki. Alikuwa ameliegesha kando ya ghala lisilo na umeme. Alinipangisha kwa nusu ya bei ya chumba. Ufunguo wa mlango wa nyuma akanipa, wa injini akabaki nao, na alikuwa na haki: nilipanga chumba, sikupanga gari. Juu ya paa kulikuwa na paneli ya sola. Mwezi wa Oktoba ilitosha. Januari ilikaa chini ya theluji kama mtoto aliyejifunika blanketi hadi kichwani. Mzee alikuwa kwa binti yake, mji mwingine, na simu yake usiku huzimwa.

Kwangu saa nane usiku ni saa kumi alfajiri Kibondo, na mjomba wangu huamka saa kumi.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Umefiwa?”

Nilimweleza. Kijiskrini kidogo juu ya mlango kilikuwa kinaonyesha volti 10.6. Alivuta pumzi. Betri ya risasi na asidi yenye afya, ikijaa, husoma karibu volti 12.7. Ikishuka hadi 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya hapo unaanza kuila betri yenyewe. Kisha aliniambia jambo ambalo yeye, mtu asiyewahi kuona barafu nje ya friji, nilishangaa kwamba analijua: betri iliyoisha chaji huganda. Umeme unapotoka, asidi hupungua kwenye maji yake, na yanayobaki ni karibu maji matupu. Betri iliyojaa huvumilia baridi kali kuliko ile ya usiku ule, ila iliyokwisha inaweza kuganda na kupasuka ganda kabla hata ya nyuzi kumi chini ya sifuri.

“Kwa hiyo iko wapi?” akauliza.

Sikujua. Nasoma historia ya teknolojia, na sikujua.

Mjomba anajua betri kwa sababu zilimlisha. Kabla nguzo za umeme wa vijijini hazijafika kwao, alikuwa na banda la kuchaji betri, jenereta nyuma na ubao wa mbao mbele. Watu walileta betri za magari kwa baiskeli, zimefungwa kwa mpira kwenye keria, na jina la mwenyewe limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Waliziacha asubuhi, wakazichukua jioni. Nyumbani kwetu betri ilikuwa na kigoda chake sebuleni, karibu na televisheni ya chogo, na mama aliifunika kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio. Kila mgeni aliiona. Kila mtu alijua imebakiza kiasi gani kwa kuangalia picha inavyosinyaa pembeni mwa kioo. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2006 ilikata roho katika dakika za nyongeza. Hadi leo kichwa cha Zidane nimekiona kwenye marudio tu. Hakuna aliyeuliza betri iko wapi. Swali lilikuwa nani anaipeleka mjini kesho.

Gari-nyumba limejengwa kwa nia tofauti. Waingereza huiita betri hiyo “betri ya starehe”, na jina linasema mengi: mtu aliye kwenye starehe hapaswi kuona mitambo. Taa zinawaka, bomba linatoa maji, friji inanguruma taratibu, na kinachoyawezesha yote kimefungiwa mahali. Wapi hasa, hutofautiana gari na gari. Hakuna sheria moja. Nilianza kulisikia swali la mjomba kama swali la historia nikiwa na tochi ya simu mdomoni, vidole vinakufa ganzi.

Maana gari hilo lina betri mbili, na hazikuzaliwa siku moja. Ya kwanza ni ya injini. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na toka hapo dereva hakuhitaji kuzungusha hendeli mbele ya gari. Betri ya kazi hiyo hutengenezwa kwa pleti nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe tena mara moja na injini inayotembea. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha unaiua. Betri ya pili ina pleti nene, inatoa umeme mdogo kwa saa nyingi. Moja ni ya mkimbiaji wa mita mia, nyingine ya mbeba maji.

Nilidhani ya pili ni mtoto wa ya kwanza. Siyo. Mizizi yake nilikuwa nimeipitia darasani muhula uliotangulia bila kujua ninasoma habari za chumba changu mwenyewe.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté aliviringisha mabamba mawili ya risasi yaliyotenganishwa, akayatumbukiza katika asidi ya salfa, akapata betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa tena. Ilihitaji kuchajiwa na kutolewa chaji kwa muda mrefu sana kabla haijawa na uwezo wa maana. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, alipaka mabamba hayo tope la oksidi ya risasi, na kazi ya miezi ikafupika. Ndipo betri ikawa bidhaa. Oktoba mwaka huohuo, behewa la Pullman lilisafiri kati ya London na Brighton likiwa na taa za umeme ndani, zinazolishwa na betri za Faure. Betri zilichajiwa kituoni, zikapakiwa, zikaisha njiani, zikarudi kuchajiwa. Yaani banda la mjomba, ila lenye reli.

Angalia ni nini hicho. Ni chumba kinachotembea, chenye viti vizuri na abiria waliolipa zaidi ili wajisikie nyumbani, na umeme wake hauna uhusiano wowote na kinacholisukuma behewa. Kichwa cha treni kilikuwa cha mvuke, hakikuhitaji betri kwa lolote. Betri ilikuwa ya waliomo ndani tu. Betri ya starehe ilitangulia stata ya gari kwa miaka thelathini na moja.

Katika miaka ya 1890 kampuni ya J. Stone ya Deptford, London, ilitatua shida ya kupakia na kupakua. Dinamo ilifungwa chini ya behewa na kuzungushwa na mkanda kutoka kwenye ekseli. Treni ikienda, betri zinajaa. Ikisimama, taa zinakula betri. Lakini dinamo iliyosimama ingefyonza umeme kutoka kwenye betri, kwa hiyo waliweka swichi iliyojiunga yenyewe behewa likifikia mwendo fulani na kujikata likipunguza mwendo. Fundi wa magari-nyumba akisoma maelezo hayo atatabasamu. Relei iliyopo katikati ya betri mbili za gari hufanya kazi ya jamaa yake wa karibu: injini ikiwaka inaziunganisha ili altaneta ijaze zote, ikizima inazitenga, usije ukaangalia filamu hadi usiku na asubuhi gari lisiwake.

Magari ya starehe yenyewe yalichelewa kupata haya yote. Mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables alitengenezewa Bristol nyumba ya kukokotwa na farasi, akaiita The Wanderer, akazunguka nayo Uingereza huku mtumishi wake akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya wenye mikokoteni. Miaka minne baada ya behewa la Brighton, ndani ya nyumba ile ya kifahari hakukuwa na waya hata mmoja. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia, hapa Ujerumani, ilianza kuuza samani za kupigia kambi ndani ya basi dogo la Volkswagen: makabati, meza, magodoro. Bado umeme ulikuwa wa gari tu, na mdogo, volti sita. Baadaye vikaja pampu ya maji, friji, feni ya hita, televisheni. Kila kimoja kilipata nafasi yake kwenye mchoro. Betri ya kuvilisha vyote ilikuja mwishoni, nyumba ikiwa imeshajaa, kama mgeni anayefika watu wameshagawana vitanda.

Kwa hiyo ikalala palipobaki. Katika mabasi ya kwanza ya Volkswagen palipobaki ni kwenye chumba cha injini nyuma. Katika yale yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, betri ya injini iliwekwa chini ya kiti cha mbele cha abiria, na ya pili, kwa waliokuwa nayo, chini ya kiti cha dereva. Kwingine utaikuta chini ya benchi la kulia chakula, ndani ya kabati linalofunguliwa kwa nje, au kwenye buti kubwa ya nyuma pamoja na baiskeli. Mwenye nyumba, ukifika siku ya kwanza, muulize choo, maji na gesi. Lakini muulize na hili.

“Usitafute betri,” mjomba alisema, maana nilikuwa nafungua makabati ovyo. “Tafuta waya mnene. Betri haiwezi kujificha na waya wake.”

Waya ni mnene kwa sababu volti 12 ni kidogo. Ukitaka nguvu ileile kwa volti chache unahitaji mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa hupotea kwenye waya mwembamba au mrefu. Ndiyo maana waundaji hupenda kuiweka betri ya pili karibu na injini, ambako altaneta ipo. Kuna pia uzito. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 ina kama kilo 25, na magari mengi haya hutengenezwa yasizidi kilo 3,500, kwa sababu leseni ya kawaida ya huku inaishia hapo. Uzito huo huwekwa chini, katikati ya magurudumu. Karibu na injini, chini, katikati, mahali pasipohitajika kwa kitu kingine: majibu hayabaki mengi.

Nilifungua kisanduku cha fyuzi, nikafuata waya mwekundu wenye unene wa kidole changu kidogo. Ulipita nyuma ya zulia, ukaingia chini ya kiti cha abiria. Pembeni yake palikuwa na mpira mwembamba unaotobokea sakafuni, na mjomba, nilipomwonyesha kwa video, alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi. Betri ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Mpira ule huitoa nje. “Hapo ndipo anapopumulia,” akasema.

Kiti kile huzunguka ili kutazama meza. Nilikizungusha nusu, kikagoma mlangoni, nikafungua mlango na theluji ikaingia, kikazunguka. Kulikuwa na bamba la bati lenye skrubu nne. Tatu zilitoka. Ya nne ilinichukua karibu dakika arobaini na mafuta ya kupikia. Ndani palikuwa na boksi la kijivu, vichwa vyake vimeota unga mweupe wenye ukijani.

“Nyeusi kwanza,” mjomba alisema. “Spana ikigusa bodi wakati nyekundu imefungwa peke yake, sawa. Ikigusa ukiwa unafungua nyekundu na nyeusi bado ipo, utaona cheche za Krismasi. Kurudisha, nyeusi mwisho.”

Nikaitoa. Kilo 25 kwenye karatasi si kitu. Ukiwa umepiga magoti kwenye nafasi ya mguu wa abiria, ni mtoto wa darasa la pili aliyekataa kwenda shule. Ukutani mwa ghala ilining'inia sleji ya mbao, ya wajukuu nadhani. Nikaifunga betri juu yake kwa mkanda wa begi, wima, isimwage asidi, nikaivuta hadi maktaba ya chuo ambayo hufunguliwa usiku na mchana. Mlinzi aliitazama, akanitazama, akauliza kama ni bomu. Nilipomweleza aliniruhusu niiache ukumbini penye joto, chini ya macho yake. Nililala juu ya meza hadi asubuhi.

Saa nne nikaivuta tena hadi karakana ya baiskeli ya wanafunzi. Kijana wa zamu aliiunganisha kwenye chaja, akabandika utepe wa karatasi ubavuni na kuandika jina langu kwa kalamu nene. Akasema nirudi jioni.

Nilimpigia mjomba picha, akaikuza kuangalia chaja.

“Wanatoza kiasi gani?”

“Bure, mjomba.”

“Bure!” Alinyamaza kidogo. “Hao hawatadumu.”