Kuishi Ahero, kazi Kisumu: Je, safari ya kila siku ina faida?

Kisumu iko karibu mno na mstari wa ikweta hivi kwamba mwaka mzima jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili unusu. Kwa hivyo, mfanyakazi anayeondoka kwake Ahero, Maseno au Kiboswa saa kumi na moja na nusu alfajiri huondoka gizani mwezi Januari na huondoka gizani mwezi Julai. Akirejea saa moja na nusu usiku, giza limekwisha kuingia tena. Nyumba yake mwenyewe huiona kwa mwanga wa jua siku ya Jumapili, na Jumamosi ikiwa mwajiri wake ni mkarimu.

Idadi ya watu wa namna hii katika eneo la Ziwa Victoria si ndogo. Wapo makarani, wauguzi, walimu, walinzi na wauzaji wa maduka ambao wanafanya kazi jijini lakini wanaishi kilomita 20, 30 au hata 50 kutoka hapo. Swali linalowasumbua ni moja: je, kinachookolewa kwa kuishi mbali kinalingana na kinachopotea barabarani?

Jibu hutegemea mambo mengi, lakini hesabu yake inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Ajabu ni kwamba wengi huifanya nusu tu. Hulinganisha kodi ya nyumba na nauli ya matatu, kisha wakafunga daftari.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi anakodi nyumba Migosi au Lolwe kwa Sh12,000 kwa mwezi. Ahero anaweza kupata ya kumtosha kwa Sh5,000. Ameokoa Sh7,000. Nauli ikiwa Sh100 kwenda na Sh100 kurudi, kwa siku 22 za kazi atalipa Sh4,400. Bado anaona faida ya Sh2,600.

Hata hivyo, nyumba yake haiko kando ya barabara kuu. Kutoka mlangoni hadi steji anahitaji bodaboda, Sh50 asubuhi na Sh50 jioni, maana gizani hakuna anayependa kutembea kwa miguu kando ya mashamba ya mpunga. Hiyo ni Sh2,200 nyingine. Faida sasa imebaki Sh400 kwa mwezi. Viwango hivi ni vya mfano tu, na kila msomaji aweke vyake, lakini kipande hicho kifupi cha bodaboda ndicho husahauliwa mara nyingi.

Sasa ije hesabu ya saa. Dakika 15 kufika steji, dakika 20 kungoja matatu ijae, dakika 45 barabarani pamoja na vituo vyote vya njiani, dakika 10 kutoka steji ya mjini hadi kazini. Hiyo ni saa moja na nusu, na kwa siku ni saa tatu. Kwa siku 22 ni saa 66, sawa na zaidi ya siku nane kamili za kazi kila mwezi. Mfanyakazi wa mfano wetu ametoa saa 66 na kupata Sh400. Ameuza kila saa kwa takriban Sh6. Ikiwa mshahara wake ni Sh40,000, mwajiri humlipa zaidi ya Sh220 kwa saa.

Mambo hubadilika iwapo Ahero si nyumba ya kukodi bali ni kwake. Hapo kodi yote ya Sh12,000 inaokolewa, na baada ya kutoa gharama za usafiri anabaki na Sh5,400. Kuna pia mboga za shambani, maziwa, kuku, na jicho la mwenye nyumba juu ya mali yake. Kila saa sasa ina thamani ya zaidi ya Sh80. Bado ni chini ya mshahara, lakini si kichekesho tena.

Nyumba na boma

Katika eneo hili suala la makazi halijawahi kuwa la pesa tu. Mwaka wa 1987, kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno ilipofika katika Mahakama ya Rufaa, moja ya hoja zilizozua mjadala nchini kote ilikuwa tofauti kati ya nyumba na boma. Mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, ikasemwa, lakini boma lake kwa desturi za Waluo liko kwao. Mnamo Mei mwaka huo marehemu alizikwa Nyalgunga, Siaya, baada ya mzozo uliodumu zaidi ya miezi mitano.

Mzozo ule ulihusu mazishi, lakini fikira iliyo nyuma yake ndiyo inayomfanya karani wa Kisumu avumilie matatu ya alfajiri. Kulala Migosi ni kukodi. Kulala kwenye boma alilolijenga ni kuishi. Mwenye kutoa ushauri kwa watu hawa bila kulizingatia hilo atakuwa anahubiria upepo.

Lakini ni vyema kuuliza ni nani hasa anayeishi kwenye boma hilo. Mke na watoto wanaishi. Baba mwenyewe hulala tu. Mtoto wa darasa la pili aliyelala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili na nusu hakumwona babaye, iwe baba huyo yuko Ahero au Mombasa. Kwa mama anayesafiri, mzigo ni mzito zaidi, kwani kazi za jikoni humngoja pande zote mbili za safari.

Wanaotoka mjini

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, umezuka msafara mwingine unaokwenda kinyume. Serikali za kaunti zilipofungua afisi Siaya, Mbale, Kakamega na Homa Bay, baadhi ya watumishi wake walibaki Kisumu kwa ajili ya shule za watoto, hospitali au kazi ya mwenzi wa ndoa, wakawa wanasafiri kila asubuhi kuupa mji kisogo.

Hawa wana nafuu moja: asubuhi hawakwami na msongamano wa Kondele, kwa kuwa magari mengi yanaelekea wanakotoka wao. Lakini wana hasara ambayo wengi huigundua siku ya malipo. Marupurupu ya nyumba kwa watumishi wa umma hufuata kituo cha kazi wala si mahali mtu anapolala. Miji mikubwa kama Kisumu imewekwa katika kundi lenye kiwango cha juu, na maeneo ya mashambani katika kundi la chini. Mwalimu anayefundisha Kisumu na kuishi Ahero hupokea marupurupu ya mji na kulipa kodi ya kijijini. Mwenzake anayefundisha kijijini Siaya na kuishi Kisumu hupokea ya kijijini na kulipa kodi ya mji. Safari ni ileile, lakini mmoja analipwa kuifanya na mwingine anatozwa.

Kwa walimu kulikuwa na jambo jingine. Sera ya kuwahamisha mbali na maeneo yao, iliyoanza kutekelezwa na Tume ya Huduma kwa Walimu mwaka wa 2018, iliwafanya wengi wasiweze kurejea nyumbani jioni hata kama wangetaka. Sera hiyo ililegezwa baada ya uchaguzi wa 2022.

Wafanyakazi wa sekta binafsi wakumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au pesa za kutosha kodi, au mshahara uliojumuisha kiasi hicho. Haisemi atamlipia nauli. Anayeajiriwa kutoka mbali na alizungumze hilo kabla ya kutia sahihi.

Kuna kipengele kingine kisichojulikana sana. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, mfanyakazi akisafirishwa bila malipo katika gari lililotengwa na mwajiri kwa kazi hiyo, na linaloendeshwa na mwajiri au mfanyakazi wake, safari yenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Akiumia humo, ana haki ya kudai fidia. Aliyepanda matatu kwa nauli yake hana kinga hiyo, na humbidi kutegemea bima ya gari.

Matatu na desturi zake

Sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, na abiria wasiozidi 14 katika matatu ndogo. Wasafiri wa zamani watakumbuka walivyokuwa wakibebwa kabla ya hapo, wengine wakiwa wamening'inia mlangoni. Utekelezaji umekuwa ukipanda na kushuka tangu wakati huo, hasa jioni.

Jambo moja huwapotosha watu wanapotafuta nyumba. Kutoka Ahero hadi Kisumu ni takriban kilomita 25, ambazo gari lisilosimama lingezimaliza kwa chini ya nusu saa. Saa nyingi za msafiri hupotea akiwa amesimama: matatu ikingoja kujaa, utingo akiita abiria Rabuor, foleni ikisonga kwa hatua Nyamasaria. Kwa sababu hiyo, anayehamia karibu na steji huokoa dakika nyingi kuliko anayehamia kilomita tano karibu na mji lakini ndani, mbali na lami.

Ahero ina faida ya kuwa makutano ya barabara za Kisii na Kericho, kwa hiyo magari hayakosekani. Anayeishi katikati ya njia, kinyume cha matarajio, huweza kupitwa na magari kumi yaliyojaa. Jioni mambo hugeuka, kwa kuwa utingo humpendelea abiria wa mbali, na wa karibu huambiwa angoje.

Kisha kuna kuuzwa. Abiria aliyelipa nauli hadi mwisho wa safari hujikuta njiani akihamishiwa gari jingine kwa sababu dereva ameona abiria ni wachache na anataka kugeuza. Aliyeuzwa akiwa na mwavuli hucheka. Aliyeuzwa mvua ikinyesha, saa mbili usiku, hutafuta nyumba ya kukodi mjini siku ya pili yake.

Nauli nayo haina bei moja. Hupanda mvua inyeshapo, shule zifunguliwapo na sikukuu zikaribiapo. Bei mpya za mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na wasafiri wameona kwamba mafuta yakipanda nauli huitikia mara moja, lakini yakishuka huwa na usingizi mzito. Bajeti ya msafiri yafaa iachiwe nafasi ya angalau robo juu ya nauli ya kawaida.

Nyanda za Kano zina tatizo lao. Mto Nyando ukifurika, kama ulivyofanya pamoja na mito mingine wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, njia za ndani hazipitiki hata kama barabara kuu iko wazi. Upande wa Maseno na Kiboswa uko juu, na masaibu hayo si makubwa huko.

Ng'ambo ya ziwa, safari ya kila siku haiwezekani kabisa. Feri inayounganisha Mbita na Luanda Kotieno humwepusha msafiri na mzunguko mrefu wa Ghuba ya Winam, lakini ina ratiba yake, na aliyechelewa ya mwisho hulala aliko. Wengi wa Mbita na Homa Bay wanaofanya kazi Kisumu hukodi chumba kimoja na kurudi kwao Ijumaa. Huenda ndio walioifanya hesabu vizuri kuliko wote.

Watafiti wa nchi za mbali wameligusa suala hili. Bruno Frey na Alois Stutzer walichapisha mwaka wa 2008 uchunguzi wa takwimu za Ujerumani, wakakuta kwamba wenye safari ndefu hawaridhiki na maisha kama wenzao, ingawa kinadharia mshahara au nyumba nzuri vingepaswa kuwafidia. Mnamo 2004 Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake wapatao 900 wa Texas kuhusu shughuli za siku nzima, na safari ya asubuhi kwenda kazini ikaburura mkia.

Lakini hao wengi wao huendesha magari wakiwa peke yao. Matatu ya saa kumi na mbili ina watu walewale kila siku. Humo watu husinzia, husoma magazeti, na hata huchanga pesa za chama. Baadhi hushirikiana gari la mmoja wao na kugawana mafuta. Tahadhari ni kwamba gari la kibinafsi likianza kutoza nauli, bima yake ya kawaida haiwatambui abiria hao.

Kwa kupima yote, safari ya kufikia kilomita 25 yaweza kutetewa na mtu aliye na nyumba yake, steji karibu na saa za kazi zisizobadilika. Kwa mwenye kukodi pande zote mbili, mara nyingi haina faida. Muuguzi wa zamu za usiku afadhali akae mjini, maana zamu haijali matatu ya mwisho. Na kwa Kakamega, kilomita kama 50, au Siaya na Bondo, zaidi ya 60, anayesafiri kila siku ajiwekee tarehe ya kukoma: uhamisho, mtoto kumaliza shule, au mkopo kulipwa.

Anayetaka kujaribu asirudishe funguo za nyumba ya mjini kwanza, kwa kuwa akikodi upya atadaiwa tena amana ya mwezi mmoja au zaidi. Alale kijijini mwezi mzima huku nyumba ya mjini ingali yake, na mwezi huo usiwe Februari, barabara zikiwa kavu. Achague Aprili.