Ibada Ilitangulia Kanisa la Matofali

Wakati wa Jubilei twapenda kuhesabu majengo: kanisa hili lilijengwa mwaka gani, na ni nani waliobeba matofali yake. Ni vema kukumbuka hayo, lakini tusidhani ya kuwa ibada ilizaliwa siku ile mlango wa kanisa ulipofunguliwa.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na kanisa la kujengwa. Matendo ya Mitume yatueleza kwamba waliumega mkate nyumbani mwao. Yapata mwaka 112 Plinius, liwali wa Kirumi katika nchi ya Bitinia, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba watu hao hukutana siku maalum kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu. Yapata mwaka 155 Mtakatifu Yustino, aliyefundisha Roma, alieleza Misa ya Jumapili: husomwa Maandiko, kiongozi hutoa maonyo, watu husimama kusali, kisha huletwa mkate, na divai pamoja na maji. Mashemasi huwapelekea wasiokuwapo, na sadaka husaidia yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Tangu mwanzo, basi, ibada na huruma hazikutengana.

Mambo hayo yalionekana hata katika Ziwa letu hili. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka Ziwa kuja upande wa kusini, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi. Karibu miaka mitatu Wakristo wa Buganda wakakaa bila padre wala Misa. Je, walitawanyika? La. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya wenzake katika nyumba ya Kabaka, wakasali na kufundishana. Mathias Mulumba akafanya vivyo hivyo huko Mityana. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta waamini wengi kuliko wale waliowaacha. Mukasa aliuawa Novemba mwaka ule ule, na Mulumba mwaka 1886.

Kwa hiyo, walimu wenzangu wa vigango vya Chato, padre asipofika siku ya Dominika, msifunge mlango. Kutoa Misa si kazi yetu. Lakini kusoma, kusali, kuimba, na kumpelekea mgonjwa chakula twaweza. Na tuwafundishe watu kuitamani Misa, kama walivyoitamani wale. Ukuta ukianguka, mafundi wataujenga tena. Sala ikikoma nyumbani, nani ataijenga?