Kulenga Topido kwa Mkono: Mchezo wa Kompyuta kama Chanzo cha Historia

Sehemu hii inachunguza iwapo mchezo wa kompyuta unaweza kukubaliwa kuwa chanzo cha maarifa ya kihistoria. Mfano unaotumika ni Silent Hunter 4: Wolves of the Pacific, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2007, ambao huiga nyambizi za Marekani katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mchezaji anaweza kuiachia kompyuta ilenge, au akalenga mwenyewe.

Anayelenga mwenyewe hukadiria umbali wa meli, kasi yake na mwelekeo wake. Ili kupata kasi, hutuliza nyambizi na kuhesabu sekunde ambazo meli hutumia kupita kwenye mstari wa wima wa periskopu. Meli yenye urefu wa mita 120 ikipita kwa sekunde 24, inakwenda mita 5 kwa sekunde, yaani karibu maili 10 za bahari kwa saa.

Njia mojawapo inayopendwa na wachezaji hujulikana kwa jina la Dick O'Kane. Nyambizi huelekezwa kwa pembemraba na njia ya meli, na topido hufyatuliwa meli inapofikia pembe iliyokokotolewa mapema. Kwa topido ya Mark 14 yenye kasi ya maili 46 za bahari kwa saa, dhidi ya meli hiyo ya maili 10, pembe ni takriban digrii 12, wala umbali hauibadilishi. Katika hili mchezo hufunza kwa vitendo jambo ambalo maandishi hulieleza kwa shida.

Hata hivyo, jina la njia hiyo linapotosha. Mwaka 1943, ndani ya nyambizi Wahoo, Kamanda Dudley Morton alimwachia naibu wake, Richard O'Kane, kazi ya periskopu ili yeye apate kupima hali nzima ya shambulio. Wengine walichora njia ya shabaha na kuendesha mashine ya kukokotoa. Ulengaji ulikuwa kazi ya kikundi kilichosahihishana, ilhali mchezo humkabidhi mtu mmoja kazi zote, tena humruhusu kurudia shambulio aliloshindwa.

Kwa hiyo, mchezo ni ushahidi wa namna hesabu ilivyowezekana, si wa namna kazi ilivyofanyika. Wahoo ilizama Oktoba 1943 pamoja na wote waliokuwamo. O'Kane alikuwa amekwisha kuhamishwa. Mtafiti atakayeutegemea mchezo peke yake atalihifadhi jina la aliyenusurika na kuwasahau walioshiriki hesabu hiyo.