Milima Peke Yake Haizai Bingwa
Ruaruke, kwenye nyanda za chini za Kibiti karibu na delta ya Rufiji, hakuna mlima wa kumfundisha mwendesha baiskeli. Ni rahisi kuamini kwamba bingwa wa mbio za milimani lazima azaliwe milimani, lakini historia inakataa. Uholanzi ni nchi bapa, ila Joop Zoetemelk alishinda kileleni Alpe d'Huez mwaka 1976 na 1979, kisha akatwaa Tour de France ya 1980. Biniam Girmay, kinyume chake, alikulia Asmara, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, lakini hatua zake 3 za Tour ya 2024 alizipata kwa kasi ya mwisho. Eritrea ilimrithisha kitu kizito kuliko miinuko: mashindano yaliyoanza 1946, na mji mzima unaoupenda mchezo huo.

Atatajwa Chris Froome, bingwa wa Tour de France aliyezaliwa Nairobi, kwenye nyanda za juu. Kweli, lakini Nairobi ina watoto wengi. Yeye alimpata David Kinjah wa kumfundisha. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli, njia ya wanaume ikiwa na jumla ya miinuko ya zaidi ya mita 5,000, na bado jukwaa la wanaume lilijaa Wazungu watatu, Tadej Pogačar akiongoza. Kijana wa Ruaruke anayelenga mbio za milimani anahitaji kwanza klabu, kocha na mbio za mara kwa mara.