Wakimbiaji hodari waliofunikwa na kivuli cha Bayi

Na Mwandishi Wetu

MAGARI ya watalii yanayopanda kutoka Makuyuni kwenda Ngorongoro hupita Karatu kila siku. Wageni hujaza mafuta, hununua maji, wengine hulala usiku mmoja kabla ya kuteremka kwenye kreta. Ni wachache wanaofahamu kwamba Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, Juni 23, 1953, Mtanzania aliyepata kushikilia rekodi mbili za dunia kwa wakati mmoja.

Sifa za Bayi zinajulikana. Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kumaliza kwa dakika 3:32.2, akimshinda mwenyeji John Walker. Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaica, alivunja rekodi ya maili moja kwa dakika 3:51.0.

Hata hivyo, jina kubwa huweza kuyafunika mengine. Kila inapozungumzwa riadha ya Tanzania, wengi huanza na Bayi, humtaja Juma Ikangaa, hugusia ujasiri wa John Stephen Akhwari wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, kisha hunyamaza. Baina ya majina hayo wapo wengine ambao mafanikio yao, kwa vipimo vya saa na medali, hayastahili kusahauliwa. Si wote waliotoka Karatu, ila wote walivaa jezi moja ya Taifa. Mpangilio ufuatao ni wa miaka, si wa ubora.

Gidamis Shahanga

Mwaka 1978 mjini Edmonton, Canada, Shahanga alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola akiwa hajatimiza miaka 21. Aliyemfuata ni Jerome Drayton, mkimbiaji mzoefu wa Canada, aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wake. Miaka minne baadaye mjini Brisbane, Australia, Shahanga alirudi na kushinda mita 10,000. Kushinda marathoni kisha kugeukia mbio za uwanjani na kushinda tena ni jambo ambalo wakimbiaji wachache wamelifanya. Jambo linalokumbukwa zaidi kutoka Brisbane, hata hivyo, ni mvutano wa Ikangaa na Robert de Castella katika marathoni, ambako Ikangaa alipata fedha.

Suleiman Nyambui

Huyu anatajwa, lakini nusu nusu. Medali yake ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Mhabeshi Miruts Yifter, ilipatikana katika michezo ileile ambayo Bayi alipata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Kinachosahauliwa ni kazi yake katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, ambako kocha Ted Banks alikuwa amejenga kikosi kilichotegemea sana vijana wa Afrika. Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na mwaka 1980 akaongeza ubingwa wa mbio za nyika. Mwaka 1981 aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ndani ya ukumbi mjini New York. Umri uliposonga alihamia barabarani na kushinda Marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988.

Zakaria Barie

Shahanga aliposhinda mita 10,000 mjini Brisbane, aliyekuwa mgongoni mwake kwa chini ya nusu sekunde alikuwa Mtanzania mwenzake, Barie. Dhahabu na fedha zikaja nyumbani kwa pamoja. Mwaka uliofuata, 1983, akiwa na kikosi cha El Paso, Barie alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu vya Marekani, taji lilelile alilolichukua Nyambui miaka mitatu kabla yake. Ni jina ambalo vijana wengi wa leo hawajapata kulisikia.

Simon Robert Naali

Alipata shaba ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Auckland mwaka 1990, nyuma ya Douglas Wakiihuri wa Kenya na Steve Moneghetti wa Australia, wote wawili wakiwa miongoni mwa vinara wa dunia wa wakati huo. Alishinda pia Marathoni ya Honolulu mara mbili mfululizo, 1989 na 1990.

John Yuda

Kosa la Yuda, kama ni kosa, lilikuwa kuzaliwa katika zama za Waethiopia wawili. Mwaka 2001 mjini Bristol, katika nusu marathoni ya dunia, alikuwa wa tatu, na mshindi alikuwa Haile Gebrselassie. Mwaka 2002 mjini Dublin, katika mbio ndefu za nyika za dunia, alikuwa wa pili, na mshindi alikuwa Kenenisa Bekele. Mwaka huohuo alipata shaba ya mita 10,000 mjini Manchester. Kushindwa kwa sekunde chache na Bekele kwenye nyika si kushindwa kwa kuonewa haya.

Francis Naali na Samson Ramadhani

Mwaka 2002 mjini Manchester, Naali alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2006 mjini Melbourne, Ramadhani akashinda mbio hiyohiyo. Taji likabaki Tanzania kwa michezo miwili mfululizo, na Wakenya walipata nafasi ya pili mara zote mbili.

Fabiano Joseph

Alipata fedha ya nusu marathoni ya dunia mwaka 2003 akiwa na miaka 17, akapata fedha nyingine mwaka 2004, na mwaka 2005 mjini Edmonton akatwaa dhahabu kwa saa 1:01:08. Medali tatu za dunia kabla ya kutimiza miaka 20 ni hazina ambayo nchi yoyote ingejivunia.

Christopher Isegwe

Agosti 2005 mjini Helsinki, Isegwe alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia katika nafasi ya pili kwa saa 2:10:21, sekunde 11 tu nyuma ya Jaouad Gharib wa Morocco. Ilipita miaka 12 kabla Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, hajapanda jukwaa la mashindano hayo kwa shaba ya London mwaka 2017.

Kwa nini walisahauliwa?

Sababu ya kwanza ni siasa za zama zao. Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 na Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1986, mara zote mbili kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Msimamo ulikuwa wa haki, na wanariadha ndio walioulipia kwa miaka yao bora. Sababu ya pili ni kwamba kumbukumbu zetu hupenda dhahabu ya Olimpiki, na hiyo hatujawahi kuipata. Hadi Paris mwaka 2024, medali mbili za Moscow zilibaki kuwa za pekee.

Septemba 2025 mjini Tokyo, Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Wengi waliiita ajabu. Anayemjua Isegwe, Yuda na Shahanga ataona kwamba nyuma ya Simbu kuna safu ndefu ya waliomtangulia. Mtoto anayekimbia leo kwenye vumbi jekundu la Karatu anastahili kuyajua majina yao yote.