Mwana wa Kuazima: Enrique Guaita na Vita vya Uhabeshi

Septemba 1935, siku chache kabla ya ligi ya Italia kuanza, wachezaji watatu wa klabu ya Roma waliondoka mjini kwa siri, wakavuka mpaka wa Ufaransa, na hawakurudi. Majina yao ni Enrique Guaita, Alejandro Scopelli na Andrés Stagnaro. Wote watatu walikuwa wazaliwa wa Argentina, na wote watatu walikuwa, kwa mujibu wa sheria za Italia, Waitaliano. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Mussolini yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea na kuingia Uhabeshi.

Matukio haya mawili kwa kawaida huandikwa katika vitabu tofauti. La kwanza limeachiwa waandishi wa michezo, ambao hulitaja kama kioja. La pili ni letu, kwa maana kwamba kizazi cha kwanza cha wazalendo wa Afrika Mashariki kilipata siasa yake kwa sehemu kubwa kutokana na vita hivyo. Lakini ni habari moja. Aliyewaita vijana wale warudi katika nchi ya baba zao ndiye aliyekuwa akikusanya askari wa kuiteka Addis Ababa, na sheria iliyompa Guaita jezi ya bluu ndiyo iliyompa wito wa jeshi.

Tuanze na sheria. Kati ya miaka ya 1870 na Vita Kuu ya Kwanza, Waitaliano wapatao milioni mbili walihamia Argentina, wengi wao wakulima na vibarua waliokimbia njaa na kodi. Nchi hizo mbili zilikuwa na falsafa zinazopingana kuhusu uraia. Argentina, kwa sheria yake ya mwaka 1869, ilisema kwamba kila azaliwaye katika ardhi yake ni Muargentina, hata kama wazazi wake walishuka melini jana. Italia, kwa sheria namba 555 ya mwaka 1912, ilisema kwamba mtoto wa baba Mtaliano ni Mtaliano popote azaliwapo. Mama kwa kawaida hakuhesabiwa, isipokuwa pale baba alipokuwa hajulikani au hana uraia wowote. Hivyo mtoto mmoja wa Rosario au Avellaneda alikuwa raia wa nchi mbili bila kuziomba, na sheria ile ya 1912 iliongeza sharti ambalo wachache walilisoma hadi mwisho: hata mtu akipoteza uraia wa Italia, wajibu wake wa kutumikia jeshi haukufutika.

Kwa miaka mingi sharti hilo lilikuwa maandishi matupu. Kilicholipa uhai ni ufashisti, na kwa upande wa soka, waraka uliotolewa Viareggio mwaka 1926. Waraka huo ulipanga upya kandanda ya Italia chini ya utawala mpya na kuwapiga marufuku wachezaji wa kigeni. Wahungari na Waaustria, ambao wakati huo ndio walikuwa walimu wa mchezo katika bara zima la Ulaya, walifungishwa virago. Vilabu vilibaki na pengo, na matajiri wenye vilabu si watu wa kukaa na pengo. Ndipo macho yalipogeuzwa kuelekea Buenos Aires na Montevideo. Huko kulikuwa na wachezaji bora duniani ambao, kisheria, hawakuwa wageni hata kidogo.

Msamiati wa utawala uliwaita watu hao waliorejea nyumbani. Neno hilo linastahili kutazamwa kidogo. Mtu harejei mahali ambapo hajapata kufika. Lakini propaganda ya Mussolini ilihitaji dhana hiyo, kwa kuwa uhamiaji mkubwa wa Waitaliano ulikuwa aibu ya taifa: ulikuwa ushahidi kwamba nchi ilishindwa kulisha watu wake. Kila mtoto wa mhamiaji aliyepanda meli kurudi Genoa aligeuza aibu hiyo kuwa utukufu. Majina yao nayo yalinyooshwa. Luis Monti akawa Luigi, Julio Libonatti akawa Giulio, na Enrique Guaita akawa Enrico.

Libonatti ndiye aliyetangulia. Torino ilimtoa Newell's Old Boys mwaka 1925, na mwaka uliofuata alikuwa tayari anaichezea timu ya taifa ya Italia, ingawa mwaka 1921 alikuwa ameipa Argentina ubingwa wa Amerika Kusini. Akafuata Raimundo Orsi, winga aliyeng'ara katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 na kuchukuliwa na Juventus, klabu ya familia ya Agnelli. Mwaka 1931 Juventus ilimchukua pia Monti, kiungo mwenye nguvu za fahali, aliyekuwa amecheza fainali ya Kombe la Dunia la 1930 akiwa na Argentina na kufungwa na Uruguay. Juventus hiyo ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo. Pesa zilikuwapo, tusijifanye hatujui. Kijana hakukaa wiki mbili baharini kwa kuitikia sauti ya mababu. Aliitikia mshahara, na hakuna ubaya katika hilo; mababu zake walihama kwa sababu iyo hiyo.

Guaita alizaliwa mwaka 1910 katika mji mdogo wa Lucas González, jimbo la Entre Ríos. Alikulia kisoka Estudiantes ya La Plata, katika safu ya ushambuliaji ambayo mashabiki waliiita ya Maprofesa. Mwaka 1933 Roma iliwachukua yeye, Scopelli na Stagnaro kwa pamoja, na kwa kuwa walikuwa watatu magazeti hayakukawia kuwaita mabaharia watatu, wapiganaji watatu na kila kitu cha watatu. Guaita peke yake alipata jina lililodumu: Haramia Mweusi.

Kombe la Dunia la 1934 lilichezwa Italia, na halikuwa mashindano tu bali maonyesho ya utawala. Katika kikosi cha kocha Vittorio Pozzo walikuwamo wazaliwa watano wa Amerika Kusini: Monti, Orsi, Guaita, Attilio Demaría, na Guarisi, mzaliwa wa São Paulo. Walipohojiwa Waitaliano kama ilikuwa haki kuwachezesha watu hao, Pozzo alikuwa na jibu ambalo limekuwa maarufu: wao wana wajibu wa kijeshi kwa Italia, ikiwa wanaweza kuifia, basi wanaweza kuichezea. Mwaka 1934 hoja hiyo ilisikika kama mantiki safi. Tarehe 3 Juni, katika nusu fainali mjini Milan, bao pekee dhidi ya Austria, timu iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote Ulaya, lilifungwa na Guaita. Wiki moja baadaye Roma, Italia ilikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Chekoslovakia zikiwa zimesalia dakika kama tisa. Orsi alisawazisha, na Schiavio akamaliza kazi katika muda wa nyongeza, mbele ya Mussolini. Wazaliwa watatu wa Argentina walikuwa uwanjani siku hiyo. Monti hadi leo ndiye mtu pekee aliyecheza fainali mbili za Kombe la Dunia kwa nchi mbili tofauti.

Msimu uliofuata ulikuwa wa Guaita. Alifunga mabao 28 katika michezo 29 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Mjini Roma alipendwa kama mtu wa mtaani.

Wakati anafunga mabao hayo, habari za Uhabeshi zilikuwa zinapikwa. Desemba 1934 kulitokea mapigano ya Wal Wal, kwenye visima vya maji katika Ogaden, na Mussolini akayafanya kisingizio. Kwa Italia ya kifashisti lengo halikuwa ardhi tu. Kulikuwa na kovu la Adwa, ambako Machi 1896 jeshi la Menelik liliwashinda Waitaliano na kuacha funzo ambalo Ulaya haikutaka Waafrika wengine walisome. Mwaka mzima wa 1935 meli zilipita mfereji wa Suez zikipeleka askari Massawa na Mogadishu. Na kiangazi kilipokuwa kinakwisha, wito ukawafikia wachezaji wa Roma: wafike kwa uchunguzi wa afya wa jeshi.

Hapo ndipo kauli ya Pozzo ilipotoka katika ukumbi wa mabishano na kuwa karatasi yenye muhuri. Wale watatu waliona kinachokuja, au waliamini wanakiona, wakaondoka. Magazeti ya utawala yaliyokuwa yamewaita wana waliorejea nyumbani yaliwageuza kwa usiku mmoja kuwa wasaliti na watoroshaji wa fedha. Roma ilianza msimu bila wao, na ilimaliza ya pili, pointi moja nyuma ya Bologna: 39 kwa 40. Mashabiki wamekuwa wakiifanya hesabu hiyo tangu siku hiyo, na sidhani kama wanakosea.

Je, wangepelekwa kweli vitani? Inawezekana hofu yao ilizidi hali halisi. Monti alibaki Italia na hakupelekwa popote. Demaría naye aliendelea kucheza. Utawala uliofahamu thamani ya picha ya mwanasoka ungekuwa mpumbavu kumtoa mfungaji bora wake kafara penye milima ya Tigray. Lakini hoja hiyo tunaijenga sisi, tuliokwisha kujua mambo yalivyoishia. Kijana wa miaka 25 aliyeko kambini, mbele ya daktari wa jeshi, katika nchi ambayo rais wa shirikisho lake la soka, Giorgio Vaccaro, alikuwa jenerali wa wanamgambo wa kifashisti, hakuwa na sababu ya kuamini kwamba mkataba wa klabu una nguvu kuliko amri ya dola.

Wapo wanaotaka kumfanya Guaita shujaa wa kupinga ukoloni. Siwezi kuungana nao. Hakuna dalili kwamba aliwawaza Wahabeshi hata mara moja. Alikimbia kuokoa maisha yake, na hiyo inatosha bila kupambwa. Mwezi uleule wa Septemba 1935, Jomo Kenyatta, akiwa London na akiwa katibu wa jumuiya ya marafiki wa Uhabeshi iliyoongozwa na C. L. R. James, alichapisha makala ya kuitaka Italia iondoe mikono yake Uhabeshi. Hapo ndipo penye upinzani. Tofauti kati ya mkimbizi na mpinzani ni ya msingi, na wanaharakati wetu wa leo wangefaidika kuikumbuka.

Kilichonishughulisha zaidi kuliko Guaita mwenyewe ni wale ambao hawakuwa na treni ya kupanda. Jeshi lililoingia Uhabeshi lilikuwa na makumi ya maelfu ya askari wa Kieritrea, pamoja na Wasomali na Walibya. Hao hawakuwa wana wa Italia kwa damu wala kwa sheria. Walikuwa raia wa kutawaliwa, wasio na haki ya uraia kamili. Mfano wa Pozzo kwao ulikuwa nusu: wangeweza kuifia Italia, lakini hakuna aliyewafikiria kuichezea. Waliamriwa kupigana na majirani zao, wengi wakisema lugha ileile ya Kitigrinya iliyosemwa upande wa pili wa mto. Baadhi walitoroka kwenda upande wa Wahabeshi, na wakitoroka hawakuitwa wakimbizi wa soka. Wakikamatwa walipigwa risasi.

Vita vyenyewe tunavijua. Gesi ya haradali ilimwagwa kutoka angani ingawa Italia ilikuwa imeridhia itifaki ya Geneva ya 1925 iliyoipiga marufuku. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936, na Haile Selassie akaenda Geneva tarehe 30 Juni kuyaambia mataifa yale yaliyokaa kimya kwamba zamu yao itakuja. Wakimbizi wa Kihabeshi walivuka hadi Kenya, na wengi wakawekwa kambini Isiolo. Miaka michache baadaye askari wa KAR, wakiwamo vijana wa Tanganyika na Nyasa, walipanda kutoka Kenya kwenda kuwaondoa Waitaliano. Anayepita njia ya Mai Mahiu kuteremka Bonde la Ufa ataona kanisa dogo la mawe lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Mabaharia, waashi, makarani, na bila shaka wacheza mpira wa mtaani.

Nayataja haya kwa sababu mjadala wa uraia umerudi tena kwa njia ya soka. Morocco ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022 ikiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi. Taifa Stars iliyokwenda Ivory Coast Januari 2024 ilikuwa na vijana waliozaliwa Uingereza. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba yake ya 2010. Tanzania imechagua njia ya hadhi maalumu. Siku ya mechi mtoto wa baba yetu ni wetu, hakuna anayeuliza pasipoti. Siku ya kawaida, kijana huyohuyo asiyejua kupiga mpira akifika dirishani kuomba kutambuliwa, huambiwa alete kwanza karatasi za babu yake. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua ninachokisema. Sheria ya damu inayofunguka kwa wenye vipaji na kujifunga kwa wengine ni usajili wa wachezaji tu, uliovikwa joho la uraia. Na tatizo la pili ni lile lililompata Guaita: dola ikitambua damu yako kwa faida yake, itaitambua pia kwa madai yake, na mara nyingi madai hayaandikwi katika barua ya mwaliko.

Argentina haikumwuliza Guaita swali lolote. Kwa sheria ya 1869 hakuwahi kuacha kuwa Muargentina. Alicheza Racing, akarudi Estudiantes, na alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Amerika Kusini mjini Buenos Aires tarehe 1 Februari 1937. Tarehe 19 ya mwezi huo, baada ya jaribio la kumuua Graziani, Waitaliano walianza mauaji ya siku tatu mitaani Addis Ababa, siku ambayo Ethiopia huikumbuka kila mwaka kwa jina la Yekatit 12. Guaita alifariki Bahía Blanca mwaka 1959. Katika orodha za mabingwa wa dunia wa 1934 bado ameandikwa Enrico.